Ada ya Piano na Wali wa Yatima: Masista wa Loreto Walivyoanza Kalkuta

Swali la msomaji: "Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari. Tunapofundisha habari za wamisionari, wanafunzi wangu hupenda kulinganisha kwetu na India, na safari hii wameniuliza mambo matatu nikashindwa kuyajibu. Masista wa Kikatoliki walifikaje India wakaanzisha nyumba ya watawa na shule? Je, walikwenda kuwabatiza Wahindu? Na kama walikwenda kwa ajili ya maskini, kwa nini shule zao zilijulikana kuwa za watoto wa wakubwa? Ukiweza, nieleze pia kama mambo hayo yana uhusiano wowote na shule za masista tulizonazo huku."

Jibu la mtaalamu:

Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza maswali matatu, lakini ukiyafuatilia hadi kwenye mzizi utakuta ni swali moja, nalo ni hili: nani alilipa? Nyumba ya watawa ni watu wanaokula, wanaougua, wanaozeeka na wanaozikwa. Mtu akishajua chakula chao kilitoka wapi, na hapo hapo chakula cha yatima waliowalea, mengine humfungukia bila taabu. Nitakujibu kwa mfano mmoja, wa Masista wa Loreto walioingia Kalkuta mwishoni mwa mwaka 1841, kwa sababu habari zao zimehifadhiwa vizuri na kwa sababu shirika hilo hilo ndilo lililofika baadaye Afrika Mashariki.

Kwanza niondoe dhana moja. Loreto hawakupeleka Ukatoliki India, wala hawakuwa watawa wa kike wa kwanza huko. Wakristo wa Kerala wanaihesabu imani yao tangu kwa Mtume Tomaso, na huko Goa, chini ya Wareno, monasteri ya Mtakatifu Monika ilianzishwa mwaka 1606. Hiyo, hata hivyo, ilikuwa monasteri ya watawa wa ndani, waliojifungia kwa ajili ya sala. Jambo jipya lililokuja na karne ya 19 ni mtawa wa kike ambaye kazi yake ya kila siku ni kufundisha watoto wa watu, na ambaye darasa lake na chumba chake cha kulala viko chini ya paa moja.

Kalkuta, mji mkuu wa Bengal mashariki mwa India, katika mwaka 1840 ilikuwa makao makuu ya utawala wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki. Wakatoliki walikuwamo mjini, lakini walikuwa kama mali isiyo na mwenyewe. Walikuwamo wazao wa Wareno, ambao majina ya Kireno yalikuwa yamebaki huku lugha yenyewe ikififia. Walikuwamo watu wa damu mchanganyiko, baba Mzungu na mama Mhindi, ambao hawakupokewa vizuri upande wowote. Na walikuwamo askari wa Kiayalandi pamoja na wake zao na watoto wao. Hawa wa mwisho hawakuwa wachache hata kidogo, kwa maana karibu nusu ya askari wa Kizungu walioandikishwa katika jeshi la Kampuni la Bengal kati ya mwaka 1825 na 1850 walikuwa Waayalandi, vijana waliokimbia njaa na ukosefu wa ardhi kwao. Askari wa namna hiyo mara nyingi aliuawa na kipindupindu au homa kabla risasi haijamfikia, mke akamfuata au akaolewa na mwingine, na mtoto akabaki mikononi mwa jeshi. Nyumba za yatima za wakati huo ziliendeshwa kwa taratibu za Kanisa la Kianglikana, na mtoto wa Mkatoliki aliyeingia humo kwa kawaida alitoka akiwa Mprotestanti.

Juu ya hayo, Wakatoliki wenyewe walikuwa wakigombana. Walikuwapo mapadre waliomtii askofu wa Kireno kwa haki ya kale ambayo mapapa waliwapa wafalme wa Ureno, na walikuwapo wengine waliotumwa moja kwa moja na Roma, ambayo mwaka 1834 iliunda Vikarieti ya Kitume ya Bengal, yaani eneo la misioni linaloongozwa na mwakilishi wa Papa, aitwaye Vikari wa Kitume. Ugomvi huo ulikuwa mrefu na hauna utamu, kwa hiyo siuingii kwa undani. Inatosha kujua kwamba Vikari wa Kitume aliyekuja mjini kwa jina la Roma alikuta makanisa yana wenyewe na yeye hana watu. Patrick Carew, Muayalandi aliyekuwa profesa katika seminari ya Maynooth, ndiye aliyeshika kiti hicho wakati masista walipofika.

Aliyekwenda kuwaomba alikuwa padre wa Kijerumani aliyefanya kazi Bengal, jina lake Backhaus, yule ambaye baadaye alihamia Australia na kuwa padre wa mwanzo wa machimbo ya dhahabu ya Bendigo. Hakwenda kwao Ujerumani. Alikwenda Ayalandi, na sababu inaeleweka: alihitaji wanawake Wakatoliki wanaozungumza Kiingereza, lugha ya askari na ya serikali. Ayalandi, tangu sheria ya mwaka 1829 ilipowarudishia Wakatoliki haki zao nyingi za kiraia, ilikuwa ikijaa nyumba mpya za watawa.

Mlango aliobisha ni wa Rathfarnham, nje ya Dublin, kwa Mama Teresa Ball. Huyu alizaliwa Frances Ball mwaka 1794, binti wa mfanyabiashara tajiri wa hariri wa Dublin, akasomeshwa na watawa wa mji wa York, Uingereza, akarudi nyumbani mwaka 1821 kuanzisha tawi la Kiayalandi, na mwaka uliofuata akaingia katika jumba la Rathfarnham, ambalo aliliita Loreto kwa heshima ya mahali pa hija huko Italia. Watawa wa York nao walitokana na kazi ya Mary Ward, Mwingereza aliyetaka, tangu mwaka 1609, wanawake watawa waishi na kufanya kazi bila kufungiwa ndani, kwa mfano wa Wajesuiti. Roma haikuafiki, na shirika lake likafutwa mwaka 1631. Mabaki yake yaliponea katika kazi moja ambayo wakubwa wa Kanisa waliweza kuivumilia, yaani kufundisha wasichana, na hata hivyo haikuwa ruhusa kumtambua Mary Ward kuwa mwanzilishi hadi mwaka 1909. Naomba wanafunzi wako walikumbuke hilo. Mtu akishangaa kwa nini masista walipofika ugenini hawakuanza kwa kutembea vichochoroni bali walifungua darasa, jibu moja ni kwamba darasa ndilo lililokuwa kibali chao cha kuishi kama watawa wasiokuwa wa ndani kabisa. Wanafunzi waliruhusiwa kuwajia. Wao kutoka kwenda kwa watu lilikuwa jambo jingine.

Mama Teresa Ball hakutoa jibu kwa haraka, na mimi simlaumu, kwani nyumba yake haikuwa imetimiza hata miaka 20 na hakuwa bado amewahi kutuma watu mbali kiasi hicho. Hatimaye alikubali. Mwezi Agosti 1841 kundi la wanawake 12, baadhi yao wakiwa wapostulanti ambao hawajaweka nadhiri yoyote, lilipanda meli chini ya Mama Delphine Hart, ambaye alikuwa bado na umri wa miaka ya ishirini na kitu. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, kwa hiyo meli yao ya matanga ililazimika kuizunguka Afrika kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Walikaa majini miezi minne. Walitia nanga Kalkuta katika siku za mwisho za Desemba, majira ambayo mji una hewa ya kupendeza na humdanganya mgeni. Joto la Aprili na mvua za Juni walikuwa hawajaonana nayo.

Nyumba waliyoandaliwa ilikuwa Middleton Row, karibu na barabara ya Park Street, na ipo hadi leo kama Loreto House, pamoja na chuo kilichoongezwa baadaye. Haikuwa kibanda cha wamisionari. Ilikuwa jumba la enzi ya kwanza ya Kampuni, makazi ya Henry Vansittart, Gavana wa Bengal katika miaka ya 1760, na baadaye ya Elijah Impey, jaji mkuu wa kwanza wa Mahakama Kuu ya Kalkuta. Viwanja vyake vilikuwa bustani yenye swala wa kufugwa, na ni kutokana na bustani hiyo Park Street ilipata jina lake. Januari 1842, siku chache tu baada ya kushuka melini, masista walifungua shule humo.

Tuingie ndani kidogo. Chumba kina dari ya juu sana na madirisha marefu yenye vibao vya mbao vinavyofungwa jua likipanda. Juu ya vichwa vya wasichana linaning'inia panka, yaani fremu ndefu ya kitambaa, na kamba yake inapita katika tundu la ukuta hadi barazani, ambako mtumishi ameketi akiivuta na kuiachia, kuivuta na kuiachia, kutwa nzima. Wasichana wanasoma sarufi ya Kiingereza, jiografia, hesabu, Kifaransa na ushonaji. Kwenye chumba cha pili mtu anapiga skeli za piano, na piano katika unyevu wa Bengal ni chombo cha kuhurumiwa: mbao huvimba, nyaya hushika kutu, na sauti huteleza hata kabla fundi aliyeirekebisha hajarudi nyumbani kwake. Binti anayepiga piano hiyo anaweza kuwa wa afisa, wa wakili au wa mfanyabiashara, na baba yake analipa ada ya masomo, kisha analipa ya ziada kwa ajili ya muziki, kama ilivyokuwa desturi katika shule za mabinti za karne ile.

Ada hiyo ya piano ndiyo inayolijibu swali la tatu la wanafunzi wako. Watu wengi hudhani kwamba misioni ya Kikatoliki iliishi kwa fedha za Roma. Ukweli ni kwamba Roma ilitoa kibali, na misaada ya waamini wa Ulaya ilitoa kidogo, kwa vipindi na bila uhakika. Shirika la masista lilikuwa na vyanzo vyake. Cha kwanza kilikuwa mahari ya utawa, yaani kiasi cha fedha ambacho familia ya msichana ilikabidhi shirika siku anapoingia. Waliokuja na mahari na elimu walikuwa masista wa kwaya, ndio waliofundisha. Waliokuja na nguvu za mikono tu walikuwa masista wasaidizi, ndio waliopika, waliofua na kusafisha. Mgawanyo huo wa tabaka ndani ya nyumba moja ya Mungu uliendelea hadi wakati wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa miaka ya 1960, na sioni sababu ya kuuficha. Lakini mahari ilitosha kumlinda mtawa mwenyewe. Haikutosha kulisha yatima. Chanzo cha pili, kilichokuwa kikubwa na cha kudumu, kilikuwa ada ya wazazi wenye uwezo.

Mpango ulikuwa hivi. Mahali palipofunguliwa shule ya kulipia palifunguliwa, mapema iwezekanavyo, shule ya bure au nyumba ya yatima, na ile ya kwanza ikaibeba ya pili mgongoni. Kufikia katikati ya miaka ya 1840 masista hao walikuwa wamekwisha kufungua madarasa katika sehemu nyingine za mji, kwenye mitaa ya Wakatoliki maskini, na huko Entally, mashariki mwa mji, walikuwa wameshika nyumba ya yatima. Mtoto wa askari aliyekufa alikula wali ulionunuliwa kwa ada ya mtoto wa afisa aliyekuwa hai. Ukiondoa shule ya wakubwa, yatima hana chakula. Ukiondoa yatima, shirika halina sababu ya kuvuka bahari. Kwa hiyo wanaosema "walikwenda kwa maskini" na wanaosema "walifungua shule za matajiri" wote wamesema kweli, ila kila mmoja amesimama kwenye mlango mmoja wa nyumba yenye milango miwili.

Baada ya mwaka 1854 chanzo cha tatu kiliongezeka. Waraka wa elimu uliotoka London mwaka huo, unaojulikana kwa jina la Charles Wood, ulianzisha ruzuku ya serikali kwa shule binafsi zilizokubali kukaguliwa na kufuata viwango, bila kujali dini ya mwenye shule. Ruzuku ilisaidia, lakini ilikuja na mkaguzi, na mkaguzi alikuja na mitihani yake.

Gharama ya watu ilikuwa kubwa. Kipindupindu na homa ziliwachukua baadhi ya masista wa mwanzo wakiwa bado vijana, na ni kwa sababu ya joto na maradhi kwamba mwaka 1846 walipanda hadi Darjeeling, kwenye safu za Himalaya, wakafungua nyumba nyingine. Siku hizi watu huijua Darjeeling kwa chai na kwa garimoshi lake dogo, lakini reli ile ilifika huko mwaka 1881. Miaka 35 kabla yake njia ilikuwa mkokoteni wa ng'ombe nyandani na machela au farasi milimani. Shule ya Darjeeling ikawa ya bweni, ya watoto ambao wazazi wao hawakutaka kuwalea katika joto la tambarare wala hawakuwa na nauli ya kuwapeleka Uingereza, na nyumba yake ya malezi ndiyo iliyowaandaa wanovisi wa shirika, yaani watawa walio bado katika mafunzo, kwa miaka mingi.

Sasa swali la ubatizo. Masista walikuwa wamisionari, na hakuna mmisionari wa karne ya 19 ambaye asingefurahi kuona mtu akibatizwa. Tukisema vinginevyo tutakuwa tunawapamba. Lakini lengo lililowaleta Kalkuta lilikuwa kuwashika watoto waliokwisha kubatizwa wasipotee, na wanafunzi wao wa miaka ya mwanzo walikuwa hasa Wakristo, Wazungu na watu wa damu mchanganyiko. Wasichana wa Kihindu wa tabaka za juu hawakupelekwa huko, kwa sababu wengi wao hawakupelekwa shule yoyote. Msichana wa familia yenye heshima alikaa ndani na aliolewa akiwa mdogo, na kumtoa nje kwenda kusoma kulionekana kuwa fedheha. Mwaka 1849 Drinkwater Bethune, mjumbe wa baraza la Gavana Mkuu, alifungua mjini humo shule ya wasichana wa Kihindu isiyofundisha dini yoyote, na mwanazuoni Ishwar Chandra Vidyasagar akaisimamia kama katibu. Hata shule hiyo, ambayo haikuwa na msalaba ukutani, ilipigwa vita na wazee wa mji. Kisha, baada ya maasi makubwa ya mwaka 1857, tangazo la Malkia Victoria la mwaka 1858 liliahidi kwamba serikali haitaingilia dini za raia wake wa India, na shule zilizopokea ruzuku zilijua kwamba zinatazamwa.

Familia za Kihindu, za Kiislamu na za Kiparsi, yaani za wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi, zilipoanza baadaye kupeleka mabinti wao konventi, yaani shule za nyumba za watawa, zilifuata Kiingereza, nidhamu na usalama wa msichana kati ya wanawake watupu, na kwa kawaida msichana alitoka na dini aliyoingia nayo. Nchini India neno konventi lenyewe limekuwa na maana ambayo ingemshangaza Mama Delphine. Watu huliita hivyo hata shule la mtu binafsi lisilo na sista hata mmoja, mradi lifundishe kwa Kiingereza, na katika matangazo ya kutafuta wachumba magazetini kwa muda mrefu limeandikwa sifa ya bibi arusi: amesoma konventi. Mtangazaji anaweza kuwa Mbrahmani, Mhindu wa tabaka la juu kabisa, asiyekanyaga kanisani maisha yake yote.

Usije ukawafundisha wanafunzi, hata hivyo, kwamba kila konventi ya India ililetwa na meli. Huko Koonammavu, Kerala, tarehe 13 Februari 1866, wanawake wanne Wahindi waliingia katika kibanda cha mianzi kilichozungushiwa mikeka ya kusukwa, wakaanza maisha ya kitawa chini ya kanuni ya Karmeli, shirika la kale la watawa wa sala. Mmoja alikuwa Eliswa Vakayil, aliyefiwa na mumewe angali kijana na aliyeishi miaka mingi ya ujane katika sala; wa pili alikuwa binti yake Anna, na wa tatu mdogo wake Thresia. Waliowasaidia walikuwa Padre Leopold Beccaro, Mkarmeli wa Kiitaliano, na Padre Kuriakose Elias Chavara, mzalendo wa Kerala, yule yule aliyehimiza kila parokia iwe na shule yake na ambaye alitangazwa Mtakatifu mwaka 2014. Mwaka 1868 walifungua shule ya wasichana na bweni.

Ukilinganisha mwanzo huu na ule wa Kalkuta, tofauti inaonekana bila kutafutwa. Kule jumba la gavana, huku mikeka. Kule Kiingereza, huku Kimalayalam. Kule miezi minne ya bahari, huku mwendo wa kutoka nyumbani kwa mama mjane. Jambo moja halikutofautiana, nalo ni kwamba nyumba na shule zilizaliwa karibu pamoja. Koonammavu pia ilikuwa na maumivu yake. Wanawake wa madhehebu ya Kilatini na ya Kisiria, yaani taratibu mbili za ibada ndani ya Kanisa Katoliki lile lile, waliishi humo kama familia moja, mpaka Roma ilipoyatenganisha majimbo ya madhehebu hayo, na mwaka 1890 masista nao wakagawanywa, Mama Eliswa akiiacha nyumba aliyoianzisha. Novemba 2025 alitangazwa Mwenyeheri. Kwa maoni yangu tukio la 1866 lina uzito kuliko la 1842, ingawa vitabu vya Kiingereza vimeliandika kidogo. Lakini shule za huku kwetu zinafanana zaidi na zile za Kalkuta, na kwa hiyo narudi huko.

Mpango wa shule ya kulipia kuibeba ya bure ulikuwa na kasoro moja kubwa: uliwalisha watoto wa aina mbili bila kuwakutanisha. Mahali pa kuiona kasoro hiyo ni Entally. Katika uwanja mmoja uliozungushiwa ukuta palikuwa na shule ya Kiingereza, na kando yake shule ya Mtakatifu Maria iliyofundisha kwa Kibengali, ambako walifundisha pia watawa wa kizalendo waliovaa sari, Mabinti wa Mtakatifu Anna. Kijana wa Kialbania, Agnes Gonxha Bojaxhiu, alifika Kalkuta Januari 1929, akapelekwa Darjeeling kwa unovisi, na tangu mwaka 1931 akafundisha katika shule hiyo ya Kibengali hadi akawa mkuu wake mwaka 1944. Wewe unamjua kwa jina la Mama Teresa. Nje ya ukuta wa Entally palikuwa na mtaa wa mabanda uitwao Moti Jhil, jina lenye maana ya ziwa la lulu, na lulu yenyewe ilikuwa dimbwi la maji machafu. Kanuni ya Loreto haikumruhusu kutoka akaishi humo. Septemba 1946, akiwa ndani ya garimoshi kuelekea Darjeeling kwa mafungo, alihisi kuitwa kuiacha nyumba ya watawa. Ilimchukua karibu miaka miwili kupata ruhusa, na Agosti 1948 alitoka. Darasa lake la kwanza baada ya hapo lilikuwa Moti Jhil, chini, akiandika herufi za Kibengali mchangani kwa kijiti. Shirika lake jipya lilikubaliwa na Kanisa tarehe 7 Oktoba 1950.

Husemwa mara nyingi kwamba aliikimbia Loreto. Mimi nasema ukuta ule ndio uliomfundisha, na kwamba waliobaki ndani nao hawakulala. Katika shule ya Loreto ya Sealdah, mjini humo humo, Sista Cyril Mooney, Muayalandi aliyekuwa mkuu wa shule tangu mwaka 1979, alipunguza idadi ya wanaolipa hadi nusu ya wanafunzi wakawa wanasoma bure, wamekaa katika madarasa yale yale na wamevaa sare ile ile, na kuanzia mwaka 1985 aliwapokea watoto wa mitaani kulala shuleni na kufundishwa mmoja mmoja na wanafunzi wenzao. Hesabu ilikuwa ile ile ya mwaka 1842, kwamba anayelipa humbeba asiyelipa. Tofauti ni kwamba sasa wote wawili wanashirikiana dawati.

Na huku kwetu? Masista wa Loreto walifika Kenya mwaka 1921, na mwanzo wa kazi yao Nairobi ulikuwa shule ya watoto wa Kizungu, iliyokuja kujulikana kama Loreto Msongari. Ukiyasoma hayo baada ya habari za Middleton Row hutashangaa: ada kwanza, na utaratibu wa rangi wa serikali ya kikoloni ukiongeza ukuta wake juu ya ukuta wa ada. Shule ya wasichana wa Kiafrika, huko Limuru, ilianza mwaka 1936, miaka 15 baadaye. Ndiyo iliyompokea Wangari Maathai mwaka 1956, akitokea shule nyingine ya masista huko Nyeri, na alikuwa amemaliza Limuru alipopata nafasi ya kwenda kusoma Marekani mwaka 1960. Ukitaka kuwapa wanafunzi zoezi, wape shule moja ya masista iliyo karibu nanyi na waulize mambo mawili tu: darasa la kwanza lilifunguliwa kwa watoto wa nani, na ada ya mwaka ule wa kwanza ililisha nani. Wazee wa parokia bado wanakumbuka mengi.